Sauti ya Mtu ni Amana: Neno Kuhusu Kunasa Simu za Ofisini

Katika miaka hii ofisi nyingi za mijini mwetu, zikiwemo za wafanyabiashara, mawakala wa safari, zahanati, shule na vyama vya kuweka na kukopa, zinaacha simu za waya za zamani na kuingia katika simu za intaneti. Sababu zake ziko wazi. Gharama hupungua, matawi mawili yaliyo katika miji mbalimbali huzungumza kana kwamba yamo katika jengo moja, na mtumishi anayehamishwa chumba huhama na namba yake. Hatuna neno juu ya hayo. Lakini pamoja na simu hizo huja jambo jingine ambalo wengi hulipokea bila ya kulitafakari, nalo ni uwezo wa kunasa kila neno linalosemwa, na uwezo wa kumsikiliza mtumishi katikati ya mazungumzo bila ya yeye wala mwenziwe wa upande wa pili kujua. Fundi akimaliza kufunga mitambo huuliza, "Mzee, niwashe na kurekodi?" Mkuu wa ofisi hujibu, "Washa tu." Mambo yakaishia hapo.

Sisi tunaona kuwa mambo hayapaswi kuishia hapo. Rai yetu ni kwamba kunasa simu za kazi si jambo baya kwa dhati yake, na mara nyingine ni jambo la haki lenye kuwalinda wote. Linaloligeuza kuwa dhulma ni siri: kumnasa mtu ambaye hakuambiwa, kisha kuiweka sauti yake mahali asipopajua, kwa muda usio na mwisho, mikononi mwa watu asiowajua. Anayesikilizwa hana budi ajue kuwa anasikilizwa. Hiyo ndiyo rai yetu, na katika kurasa hizi tutaitolea hoja.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe linavyofanya kazi, kwani mtu hawezi kukihukumu asichokijua. Katika simu za zamani sauti ilipita juu ya waya wa shaba, na aliyetaka kuidukiza alilazimika kuufikia waya huo kwa mkono wake. Katika simu za intaneti sauti hukatwakatwa vipande vidogo, kwa kawaida vipande hamsini kwa kila sekunde moja, na kila kipande husafirishwa kama inavyosafirishwa barua ya kompyuta. Vipande hivyo aghalabu hupitia katika kompyuta moja kuu, yaani seva, ambayo ndiyo inayogawa simu kwa vyumba vyote. Kwa kuwa sauti zote hupita mlango huo mmoja, seva haihitaji ila kuamriwa tu iweke nakala. Programu iitwayo Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999 na kutolewa bure kwa kila aitakaye, ni miongoni mwa zilizoufikisha uwezo huu kwa kila ofisi ndogo yenye kompyuta ya kawaida. Ndani yake kunasa sauti ni amri ya mstari mmoja. Amri hiyo ikishatolewa, simu hulia kama ilivyokuwa ikilia, taa haiwaki, wala mlio haubadiliki. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Leo kata ni seva, na anayeishika ni fundi.

Aidha, kuna kusikiliza simu wakati ule ule inapoendelea, nako ni kwa namna tatu. Namna ya kwanza, msimamizi husikiliza tu na hasikiki. Namna ya pili, humnong'oneza mtumishi wake na mteja asisikie kitu. Namna ya tatu, huingia katika mazungumzo na kusema na wote wawili. Namna hii ya tatu hujitangaza yenyewe. Hizo mbili za mwanzo ndizo zinazohitaji hadhari, maana ndani yake mna mtu wa tatu asiyeonekana.

Tena tuzingatie jambo ambalo watu wachache hulitazama, nalo ni wepesi wa kuhifadhi. Dakika moja ya sauti ya simu, ikiwekwa bila ya kubanwa, huchukua takriban megabaiti moja. Ikibanwa kwa njia ya GSM huchukua kiasi cha sehemu moja ya kumi ya hiyo. Tuchukulie ofisi yenye watumishi kumi, kila mmoja akizungumza saa mbili kwa siku. Hizo ni dakika 1,200 kwa siku, na kwa siku 300 za kazi ni dakika 360,000. Bila ya kubanwa hazifiki hata gigabaiti 400, na diski ya kuzimeza si ghali leo. Zamani kanda ilipojaa ililazimu kunasiwa juu yake, na ya jana yakafutika. Kusahau kulikuwa ndani ya chombo chenyewe. Chombo cha leo hakisahau mpaka kiamriwe kusahau. Kwa hiyo ofisi isiyoamua lolote juu ya kufuta, kwa hakika imekwisha kuamua kuweka milele.

Sasa tuwe waadilifu na tutaje faida, kwani zipo. Mteja aliyeagiza mabati mia moja akaja kudai aliagiza mia mbili, sauti yake humaliza mzozo kwa dakika moja. Wakala wa safari za Hija anayeambiwa na msafiri, "Mliniahidi nyumba iliyo karibu na Msikiti Mtakatifu," naye anakumbuka kusema vinginevyo, hahitaji kuapa wala kuapishwa. Hurejea kwenye rekodi. Mtumishi mpya hufundishika upesi zaidi akisikia jinsi mwenziwe mzoefu alivyomtuliza mteja mwenye hasira. Mtumishi anayesingiziwa kuwa alimtukana mteja hupata shahidi asiyechoka wala kusahau. Na mtu anayepiga simu za vitisho huacha ushahidi wa kinywa chake. Anayesema kuwa kinasa sauti ni kwa ajili ya kuwakandamiza watumishi tu, amesahau kwamba mara nyingi mnyonge ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya ushahidi.

Na hapa wasomaji wetu watakumbuka kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu jambo hili hili la kuweka kumbukumbu: deni liandikwe, pawepo mwandishi mwadilifu na mashahidi. Tuangalie jinsi ilivyoagizwa. Maandishi hayo hayafanywi nyuma ya mgongo wa mtu. Mwenye kudaiwa ndiye anayetoa maneno, mwandishi anaandika mbele yao, na mashahidi wanajulikana. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Mtu akiyaweka mafundisho hayo mawili pamoja, hapati mgongano wowote kati yake. Kumbukumbu ya mapatano iliyofanywa kwa uwazi ni uadilifu. Kudukiza ni upelelezi. Chombo kinaweza kuwa kile kile, na tofauti ikawa ni kuambiana.

Pengine mtu atasema kuwa haya ni mawazo ya msikitini tu na hayana uzito katika ulimwengu wa kazi. La hasha. Mahakama za nchi kubwa zimeyazungumza kwa muda mrefu, na zimefikia karibu pale pale.

Mwaka 1983 mahakama ya rufaa huko Marekani ilitoa uamuzi katika kesi ya Watkins dhidi ya L.M. Berry. Bi. Watkins alikuwa akiuza matangazo kwa njia ya simu. Kampuni ilikuwa imewaambia watumishi kwamba simu za mauzo zitasikilizwa kwa ajili ya mafunzo, na kwamba simu za binafsi hazitasikilizwa ila kwa kiasi cha kutambua kuwa ni za binafsi. Siku moja, saa ya mapumziko ya mchana, rafiki yake alimpigia na wakazungumza habari za usaili wa kazi aliokwenda kuufanya kwingine. Msimamizi alikuwa akisikiliza, na habari ikafika kwa wakubwa. Mahakama ilisema kwamba kukubali kusikilizwa katika simu za mauzo si kukubali kusikilizwa katika kila jambo, na kwamba kujua tu kuwa mwajiri ana uwezo wa kusikiliza si ridhaa. Msikilizaji akishatambua kuwa simu ni ya binafsi, kazi yake imekwisha. Na aweke chini chombo cha kusikilizia.

Huko Uingereza nako Bi. Alison Halford, aliyekuwa afisa wa cheo cha juu katika polisi ya Merseyside, alilalamika kuwa amenyimwa kupandishwa cheo kwa sababu ya uanamke wake. Akaja kulalamika pia kwamba simu za ofisini kwake zilisikilizwa ili kupata habari za kumkabili nazo katika kesi hiyo. Serikali ilijitetea kuwa simu zile zilikuwa mali ya polisi, na kwamba mtumishi hapaswi kutegemea faragha ndani yake. Tarehe 25 Juni, 1997, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliikataa hoja hiyo. Ilisema kuwa Bi. Halford hakuonywa kamwe kwamba simu zake zaweza kusikilizwa, na kwamba faragha ya mtu haikomi mlangoni mwa ofisi. Alipewa fidia ya pauni 10,000. Mwaka 2007, katika kesi ya Bi. Copland aliyefanya kazi katika chuo kimoja huko Wales, mahakama hiyo ilisema zaidi ya hapo: hata orodha ya namba alizozipiga mtu, tarehe na urefu wa mazungumzo, vimo ndani ya faragha yake. Na mwaka 2017, katika kesi ya Bw. Bărbulescu wa Romania, ambaye maandishi yake ya kompyuta kazini yalifuatiliwa, iliorodhesha maswali ambayo mwajiri hana budi kuyajibu. Je, mtumishi alijulishwa kabla? Ufuatiliaji ulikwenda umbali gani? Ulikuwa na sababu gani? Je, haikuwepo njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile? Maswali haya hayahitaji mwanasheria kuyaelewa. Kila mkuu wa ofisi anaweza kujiuliza akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Hiyo ni hatari ya masikio. Kuna na hatari ya ghala, nayo pengine ni kubwa zaidi, kwa sababu humpata hata mwenye nia njema.

Katika nchi ya Uswidi kuna namba ya simu, 1177, ambayo mwananchi huipiga kupata ushauri wa afya kutoka kwa wauguzi. Kampuni iitwayo MedHelp ilikuwa miongoni mwa zilizopewa kazi ya kuzipokea simu hizo, nayo baadhi ya simu ikaziachia kampuni nyingine yenye wauguzi huko Thailand. Simu zilinaswa, kwa nia ambayo hakuna atakayeilaumu. Mwezi Februari 2019 gazeti la Computer Sweden lilifichua kwamba simu milioni 2.7, zenye jumla ya saa 170,000 hivi na zilizokusanywa tangu mwaka 2013, zilikuwa zimekaa katika seva iliyo wazi kwenye intaneti bila ya neno la siri. Hapakuhitajika mdukuzi hodari. Yeyote aliyeijua anuani aliweza kusikiliza. Humo mlikuwa na watu wakieleza maradhi yao, maradhi ya watoto wao, na dawa wanazotumia. Baadhi ya faili zilikuwa na namba ya simu ya mpigaji katika jina lake, hata asiyesikiliza neno angeweza kujua nani aliomba msaada. Mwezi Juni 2021 mamlaka ya Uswidi ya kulinda faragha iliitoza MedHelp faini ya kronor milioni 12, ikaitoza kampuni iliyotunza mitambo kronor 650,000, na hata mamlaka za mikoa zilizoitoa kazi hiyo zikatozwa kwa kutowapa wapigaji habari za kutosha juu ya yanayofanywa na maneno yao.

Tuzingatie kisa hiki. Faini hulipwa ikaisha, ama sauti zilizokwisha kusikika hazirudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Na kama jambo hili limetokea katika nchi yenye mafundi wengi na sheria kali, itakuwaje kwa zahanati ya mtaani ambayo seva yake imewekwa chini ya meza ya mapokezi, na neno lake la siri ni lile lile ililotoka nalo kiwandani?

Wako wanaoambiwa na wauzaji kwamba mitambo yao ni salama kwa kuwa sauti husafiri katika hali ya kufungwa kwa siri. Jambo hilo ni zuri, lakini lieleweke vema. Katika mitambo mingi ya ofisini sauti hufungwa kati ya simu na seva, kisha seva huifungua ili iweze kuipeleka na kuinasa. Nakala inayobaki ndani ya diski haifungwi ila kwa amri nyingine iliyo mbali na ile ya kwanza. Kuifunga njia si kuifunga ghala.

Sasa tujibu hoja tatu ambazo husikika mara kwa mara.

Hoja ya kwanza husema: simu ni mali ya ofisi, na mwenye mali hufanya apendavyo. Jibu ni kuwa simu ni mali ya ofisi, ama sauti si mali yake. Mwenye jengo ni mwenye vyoo vya jengo pia, na hakuna anayedai kuwa umiliki huo unampa haki ya kutoboa tundu mlangoni. Zaidi ya hayo, katika kila simu wako watu wawili. Mtumishi pengine ametia saini mkataba wenye masharti. Mama aliyepiga kuulizia ada ya mwanawe, au mgonjwa aliyepiga kuulizia majibu ya vipimo, ametia saini wapi? Huyu wa pili ndiye anayesahauliwa daima katika mjadala huu, ilhali ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kuambiwa.

Hoja ya pili husema: asiye na ovu la kuficha haogopi kusikilizwa. Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini haina ukweli. Maradhi si ovu, na mtu huyaficha. Deni si ovu, na mtu hulificha kwa ajili ya heshima ya nyumba yake. Mwanamke anayeomba ruhusa ya kazi kwa sababu ambayo hawezi kumwambia kila mtu, hana kosa lolote. Binadamu husitiri mambo yake kwa kuwa ana heshima, na jamii isiyotambua sitara huishia kuwa jamii ya wambea.

Hoja ya tatu husema: wakijua wananaswa watajirekebisha mbele ya kinasa tu, nasi tunataka kuwajua walivyo. Tunauliza, lengo lilikuwa ni nini? Kama lengo ni mteja ajibiwe kwa adabu, basi tangazo la wazi limekwisha kulitimiza kwa siku moja, bila ya kumkamata mtu. Na kama lipo kosa mahususi, mathalani fedha zinazopotea, na ipo shaka yenye msingi juu ya mtu mahususi, hiyo ni habari nyingine. Huo ni uchunguzi; nao hutakiwa kuwa na sababu iliyoandikwa, mipaka ya muda, na ushauri wa mwanasheria. Kumsikiliza kila mtu kila siku kwa kutaraji kuwa siku moja utamnasa mmoja, si uchunguzi. Ni kuwadhania wote ubaya.

Ama kuhusu sheria za nchi zetu, hazikunyamaza. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 16, inailinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake ya binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na kwa sheria hiyo ikaundwa Tume ambayo wakusanyaji wa taarifa za watu hutakiwa kujisajili kwake. Kwa mujibu wake mtu anayekusanya taarifa za mwingine hutakiwa kumjulisha lengo la kuzikusanya, na kutozitumia nje ya lengo hilo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeitaja haki hii katika Ibara ya 31, nayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ikafuatia. Sauti yenye kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi kama yalivyo maandishi. Basi mkuu wa ofisi anayesema "washa tu" asidhani kuwa ametoa agizo dogo kwa fundi. Amejitwisha wajibu wa kisheria.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, tunatoa nasaha zifuatazo kwa kila mwenye ofisi, chuo, zahanati au duka anayekusudia kuongeza kinasa sauti katika simu zake.

Kwanza, aandike lengo kabla ya kuwasha. Mstari mmoja unatosha: "Tunanasa simu za maagizo ili kumaliza mizozo." Lengo lisiloweza kuandikwa katika mstari mmoja huenda halipo. Na lengo likishaandikwa litaonyesha lenyewe simu zipi zinaswe na zipi ziachwe. Idara ya maagizo haina hali moja na chumba cha daktari.

Pili, amjulishe mpigaji mwanzoni mwa simu, kwa Kiswahili cha wazi na si kwa lugha asiyoielewa, na amwambie njia nyingine ya kuhudumiwa ikiwa hapendi kunaswa. Wajibu huu upo pia pale ofisi inapompigia mteja. Wengi huweka tangazo kwa simu zinazoingia wakasahau zinazotoka.

Tatu, awajulishe watumishi kwa maandishi, awaeleze kama kuna kusikilizwa papo kwa papo na kwa namna gani, na awaachie simu moja isiyonaswa kwa dharura za nyumbani. Mtoto akiugua shuleni, mzazi asilazimike kupokea habari hiyo mbele ya kinasa.

Nne, kinasa kisimamishwe pale mambo ya siri yanapotajwa. Kanuni za kimataifa za kadi za benki zinakataza kabisa kuhifadhi ile namba ya siri ya tarakimu tatu iliyo nyuma ya kadi baada ya malipo kuidhinishwa, hata kama imehifadhiwa katika sauti. Na namba ya siri ya akaunti ya fedha ya simu isiulizwe kamwe, pawepo kinasa au pasiwepo.

Tano, wanaoruhusiwa kusikiliza wawe wachache na wanaojulikana kwa majina, na kila anayesikiliza aache alama katika daftari la mitambo: nani, lini, simu ipi, kwa sababu gani. Fundi wa kompyuta si msikilizaji kwa sababu tu ana ufunguo. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ya kwanza, na ghala la sauti lisiwekwe mahali panapofikika na ulimwengu mzima.

Sita, muda wa kufuta uwekwe ndani ya mitambo yenyewe, ili kufuta kusingoje kumbukumbu ya mtu. Ikiwa mizozo ya ofisi huibuka ndani ya mwezi mmoja, miezi mitatu ni muda wa kutosha. Rekodi yenye mzozo itengwe, nyingine zote zifutwe. Tunajua kuwa watu wetu husema akiba haiozi. Akiba ya nafaka ni neema, bali akiba ya siri za watu huoza, na ikioza harufu yake humfikia aliyeiweka.

Saba, haki iwe ya pande zote. Mtumishi anayetuhumiwa kwa maneno aliyoyasema apewe kuisikiliza simu yote, si kipande kilichochaguliwa. Mteja anayedai kuwa aliahidiwa jambo naye afunguliwe rekodi hiyo hiyo ambayo ofisi ingejitetea kwayo. Ushahidi unaotolewa pale tu unapomfaa mwenye nguvu huwa ni silaha yake.

Na watumishi nao wana sehemu yao. Mtumishi aliyejulishwa wazi kuwa simu ya kazi inanaswa, kisha akaitumia kwa masengenyo au kwa biashara yake ya kando, asije kulalamika kuwa ameonewa. Vilevile asiyejulishwa ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Mheshimiwa, simu hizi zinanaswa? Nani anasikiliza? Zinakaa muda gani?" Maswali haya si utovu wa nidhamu. Mwajiri mwadilifu atayajibu kwa dakika tano, na imani ya watumishi wake itazidi badala ya kupungua.

Mwisho, tunampa kila mkuu wa ofisi kipimo kimoja chepesi. Kabla ya kumwambia fundi awashe, awakusanye watumishi wake na awasomee kwa sauti tangazo la kile anachokusudia kufanya: simu zipi zitanaswa, kwa nini, nani atasikiliza, zitafutwa lini. Kisha ajichukulie kuwa mteja wake mkubwa na mama yake mzazi nao wameketi hapo wakimsikiliza. Akiweza kulisoma lote bila ya kuruka mstari, na awashe. Akiona kuna mstari anaoona haya kuusoma mbele yao, basi mstari huo aufute kwanza katika mitambo yake, si katika tangazo.